Mmea wa ndani usioujua jina: dalili, vyanzo na la kufanya

Mimea mingi ya ndani huingia nyumbani bila jina. Umenunua kando ya barabara ukiwa kwenye kiriba cheusi, umeachiwa na mpangaji aliyehama, umepewa zawadi, au umekatiwa tawi na jirani. Muuzaji ukimuuliza anakujibu, "Hili ni ua la ndani tu, dada, halina shida, unamwagilia mara moja moja." Wiki chache baadaye jani la kwanza linageuka manjano, na hujui hata uulize nini.

Mwongozo huu unafuata dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi, kisha vile vya nadra. Fuata mpangilio huo, kwa sababu watu wengi hukimbilia dawa ya wadudu au mbolea kabla hawajagusa udongo. Jina nalo lina umuhimu wake na nitaeleza namna ya kulipata, lakini mmea unaoumwa haungoji jina. Umbo lake linakuonyesha unavyotumia maji, na matatizo mengi ya mimea ya ndani huanzia kwenye maji.

Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, paka au mbwa, soma kwanza sehemu ya sumu, kisha urudi hapa.

Anza na haya, dalili iwe yoyote

Chukua kijiti cha mishikaki. Kichomeke kwenye udongo hadi chini ya chungu, kiache dakika chache, kisha kitoe. Kikitoka kimelowa na kimeshikwa na udongo, chini bado kuna maji, hata kama juu pamekauka na kupasuka. Kidole hakitoshi kwenye chungu kirefu, kwa kuwa kinapima sentimita chache za juu tu.

Kisha inua chungu utazame chini. Kina matundu? Vyungu vingi vya mapambo havina. Mara nyingi kiriba au kopo la plastiki limetumbukizwa ndani ya chungu kizuri cha kauri, na maji yamejaa chini bila mtu kuona. Yamwage. Kuweka kokoto chini ya chungu kisicho na tundu hakusaidii, ingawa ushauri huo umeenea sana. Maji hubaki kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi inaendelea kukaa kwenye tope. Toboa tundu, au tumia chungu hicho kama ganda la nje tu.

Maji yanayobaki kwenye kisahani yamwage pia, na si kwa ajili ya mmea peke yake. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, huzaliana kwenye vyombo vidogo vya maji yaliyotuama majumbani. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019.

Baada ya hapo geuza jani. Nyuma ya jani, hasa pale kikonyo kinapokutana na shina, ndipo wadudu wanapojificha.

Mwisho, tafuta mmea unapoweka akiba yake ya maji. Majani manene yaliyojaa maji, kama ya mshubiri au Sansevieria, shina lililovimba chini, kama la Adenium, au viazi chini ya udongo: mmea wa namna hiyo umezoea ukame, na udongo wake uachwe ukauke wote kabla ya kumwagilia tena. Majani mapana, laini na yasiyo manene, kama ya Spathiphyllum au Maranta, hayana akiba kubwa. Hayo mwagilia pale sentimita 2 au 3 za juu zinapokauka. Mimea inayotambaa au kupanda, yenye vimizizi vya hewani kwenye vifundo vya shina, kama Epipremnum, Monstera na Philodendron, iko katikati: subiri nusu ya juu ya udongo ikauke.

Mfano mzuri ni Zamioculcas zamiifolia, yule mwenye vikonyo vinene vilivyosimama na vijani vinavyong'aa mfano wa vilivyopakwa mafuta. Wengi hudhani umetoka Ulaya, kumbe ni mmea wa kwetu. Kwa asili hupatikana kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, hadi KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Wanabotania wa Ulaya waliuandika tangu 1829, lakini vitalu vya Uholanzi vilianza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990, na sasa tunauuziwa kama mgeni. Chini ya udongo una viazi vinene vya kuhifadhi maji. Kiangazi kikizidi huangusha vijani vyake ukaishi kwa viazi hivyo mpaka mvua irudi. Ukiumwagilia kila baada ya siku mbili, unauozesha.

Majani ya chini yanageuka manjano

Hili ndilo lalamiko linalorudiwa kuliko yote, na mara nyingi huja hivi: "Namwagilia kila siku lakini bado linakuwa la njano." Jibu limo humo humo.

Chanzo cha kwanza ni maji kuzidi. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukilowa siku baada ya siku, vinafasi vya hewa huziba, mizizi hukosa oksijeni na kufa, kisha vimelea vya kuozesha huingia. Majani yanayotangulia kugeuka ni ya chini, huwa laini, na huanguka ukiyagusa. Kijiti kinatoka na tope. Hatua ya kwanza ni kuacha kumwagilia, kumwaga maji ya chini, na kuusogeza mmea penye mwanga zaidi na hewa, bila jua kali. Kama maji yalizidi kwa muda mfupi, hilo linatosha. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayarudi kuwa ya kijani, kwa hiyo usiyatumie kupima maendeleo. Tazama jani jipya.

Wiki ikipita na manjano yanaongezeka, au udongo unatoa harufu mbaya, toa mmea kwenye chungu. Laza chungu ubavu, kigonge pande zote, kisha usukume udongo kutoka chini. Usivute shina. Kiriba kichane kwa wembe. Suuza mizizi kwa maji, halafu ishike mmoja mmoja kwa vidole. Mzizi mzima ni mgumu. Uliooza unateleza: ukiuvuta kidogo, ganda lake linabaki vidoleni na kinachosalia ni uzi mwembamba. Usihukumu kwa rangi peke yake. Mizizi ya Dracaena (mmea wa shina lililosimama na majani marefu yaliyochongoka) na Sansevieria huwa na rangi ya chungwa ikiwa mizima kabisa, na wapo wanaoikata yote wakidhani imeoza.

Kata kilichooza mpaka ufike kwenye sehemu ngumu, kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti. Panda upya kwenye udongo mkavu unaopitisha maji: sehemu mbili za udongo wa juu wa bustani, moja ya mboji iliyoiva vizuri, na moja ya mchanga wa mto au pumba za mpunga zilizochomwa. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Chungu kilingane na mizizi iliyobaki. Chungu kikubwa kina udongo mwingi usio na mizizi ya kunyonya maji, na udongo huo hukaa umelowa. Mmea wenye akiba ya maji uache siku kadhaa bila kumwagilia ili majeraha yakauke. Wenye majani yasiyo manene upe maji kidogo mara moja, uweke kivulini, usubiri.

Ishia hapo ikiwa shina limelainika usawa wa udongo. Mmea huo hautapona kwa mizizi. Kata tawi au kikonyo kilicho kigumu bado, ukioteshe upya.

Chanzo cha pili ni uzee. Jani moja la chini kabisa linageuka manjano, mengine yako sawa, na juu kuna chipukizi. Hakuna ugonjwa hapo. Likate au liache lianguke lenyewe.

Cha tatu ni njaa. Mmea umekaa kwenye chungu kile kile zaidi ya mwaka, umedumaa, na manjano yameenea sawasawa kwenye jani lote kuanzia majani ya chini, ilhali udongo unakauka vizuri. Hapo naitrojeni imepungua. Mbolea ya NPK inayoyeyuka majini, robo ya kijiko cha chai kwa lita moja, mara moja kwa mwezi, inatosha. Yurea usiiguse kwa mmea wa chungu. Ina asilimia 46 ya naitrojeni, na kipimo kidogo tu kikizidi huunguza mizizi. Na kamwe usiweke mbolea kwenye mmea wenye mizizi iliyooza, kwani haiwezi kuinyonya na chumvi yake huongeza jeraha.

Kama yanayogeuka manjano ni majani mapya, na mishipa yake imebaki ya kijani, tatizo ni jingine: mmea haupati madini ya chuma. Pwani hali hii ni ya kawaida, kwa sababu udongo wa mawe ya matumbawe na maji ya visima vyenye chokaa huufanya udongo uwe na alikali, na chuma kilichomo humo hakinyonyeki. Kuongeza mbolea hakusaidii. Badilisha udongo, tumia maji ya mvua, na ikibidi nunua mbolea ya chuma ya kunyunyizia majani kwenye duka la pembejeo.

Mmea umenyauka

Kunyauka kuna vyanzo viwili vinavyopingana, na kwa macho vinafanana kabisa. Rudia kijiti kabla hujashika ndoo.

Udongo ukiwa mkavu, ni kiu. Spathiphyllum hulala chini kabisa, kisha husimama tena saa chache baada ya kupata maji. Lakini angalia maji yanapopita. Yakitoka chini mara tu unapoyamimina, udongo umekauka hadi ukajitenga na kuta za chungu, na maji yanashuka pembeni bila kugusa mizizi. Hutokea sana kwa mimea iliyopandwa kwenye unga wa makumbi ya nazi. Weka chungu ndani ya beseni la maji kwa nusu saa hivi, mpaka mapovu yakome kutoka, kisha ukichuruze.

Udongo ukiwa umelowa na mmea bado umenyauka, mizizi imekufa na haiwezi kupandisha maji yaliyopo. Hapa ndipo mimea mingi inapopotea: mwenyewe anaona majani yamelegea, anaongeza maji kwa huruma, na kila kikombe kinaua mizizi iliyobaki. Fuata hatua za kuoza mizizi nilizoeleza juu, leo hii, usingoje wiki.

Ukinyauka saa nane mchana na kusimama wenyewe jioni, ni joto. Usogeze mbali na dirisha au ukuta unaopigwa na jua. Mmea uliohamishwa chungu juzi hunyauka kwa sababu vimizizi vimekatika. Upe kivuli wiki moja au mbili. Tawi moja likinyauka huku mengine yako imara, pasua shina chini ya tawi hilo utafute tundu la mdudu au sehemu nyeusi, na ukate chini yake.

Ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia

Chanzo kikuu kwetu ni chumvi kwenye maji. Maji ya visima katika maeneo mengi ya Dar es Salaam na pwani yana chumvi, na kila unapomwagilia, maji huondoka na chumvi hubaki. Utaiona ukingoni mwa chungu, ukoko mweupe unaokwanguka kwa kucha. Mmea huisukuma hadi mwisho wa jani, na hapo ndipo panapoungua.

Kuna jambo moja la wakazi wa Arusha, Nakuru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa: maji yao mengi yana floridi nyingi, na Dracaena pamoja na Chlorophytum (mmea wa majani marefu kama nyasi) haziivumilii. Ncha zitakauka hata kama umefanya kila kitu sawa.

Kuchemsha maji hakuondoi chumvi wala floridi. Kinyume chake, maji yanapopungua sufuriani, vyote viwili hukolea. Kuyaacha usiku kucha hupunguza klorini tu. Kinachofaa ni maji ya mvua. Kinga ndoo wakati wa masika na vuli, uifunike. Kila baada ya miezi miwili au mitatu suuza udongo: peleka chungu bafuni, mimina maji safi polepole hadi yatoke chini, kiasi cha mara tatu ya ujazo wa chungu, kichuruze kabisa.

Baada ya chumvi hufuata kiyoyozi. Mmea ulio kwenye mkondo wa hewa yake hukauka ncha upande ule ule unaopulizwa. Uhamishe. Kisha mbolea iliyozidi, ambayo tiba yake ni ile ile ya kusuuza.

Madoa kwenye majani

Doa kavu la rangi ya maziwa au kahawia upande unaotazama dirisha tu ni kuungua kwa jua. Haliambukizi. Sogeza mmea nyuma kidogo.

Doa lenye maji maji linalokua, lenye duara la manjano kulizunguka, ni kuvu au bakteria. Kata jani zima, tenga mmea, acha kunyunyizia majani maji, ongeza hewa. Ukiona michirizi ya kijani na manjano yenye mchanganyiko wa ovyo pamoja na majani mapya yaliyojikunja, fikiria virusi, ambavyo havina dawa. Mmea huo usiukatie mtu tawi.

Majani yenye manyoya laini yakipata michoro ya duara iliyopauka, chanzo ni maji baridi kuyadondokea. Hii ni tabia ya Saintpaulia, mmea mdogo wa maua ya zambarau uliopelekwa Ulaya mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Sasa unakaa kwenye madirisha ya dunia nzima, huku jamaa zake wa mwituni wakibaki kwenye mabaki ya misitu ya Tanzania na Kenya, Usambara zikiwemo, na misitu hiyo inazidi kupungua. Inauma kuona Mtanzania akiununua bila kujua kwamba ni wa kwao. Umwagilie kupitia kisahani, kwa maji yasiyo baridi, kisha mwaga yaliyobaki.

Majani yanapukutika baada ya mmea kuhamishwa

Ficus benjamina na krotoni ndizo zinazoongoza. Zimekuzwa kitaluni chini ya neti, penye mwanga wa kutosha, zikaingizwa sebuleni kwenye kona. Mmea unaangusha majani ambayo mwanga mpya hauwezi kuyalisha. Uweke mahali penye mwanga, usiuhamishe tena, punguza maji kwa kuwa majani yamepungua, na usubiri. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani na unyevu, tawi ni hai.

Kuhusu mwanga, ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani. "Dirisha la kusini" linalosifiwa huko halina maana hiyo kwetu. Karibu na ikweta jua hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Kwetu lenye maana ni mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki hutoa jua la asubuhi ambalo mimea mingi ya ndani hulipenda. La magharibi huunguza, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Ushauri wa "punguza maji majira ya baridi" nao utumie kwa kutazama kijiti, si kalenda: Nairobi mwezi Julai udongo hukaa umelowa muda mrefu, ilhali ndani ya nyumba yenye kiyoyozi Mombasa unaweza kukauka mwaka mzima.

Kupima mwanga, nyoosha mkono juu ya mmea saa sita mchana. Kivuli chenye ukingo mkali maana yake mwanga ni mwingi, chenye ukungu ni wa wastani, na kisipoonekana hapo pana giza kwa karibu kila mmea. Shina linalorefuka, likainamia dirishani na kutoa majani madogo yaliyoachana sana, linaomba mwanga huo huo. Sogeza, kisha kata ncha ili litoe matawi.

Kuna vitu vyeupe, nata au vinaruka

Vipamba vyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Ndio wa kawaida zaidi, na mara nyingi sisimizi hutangulia kuonekana, kwa sababu hufuata utomvu mtamu wanaoutoa. Ukiona sisimizi wanapanda kwenye chungu, chunguza mmea. Tenga mmea, chovya pamba kwenye spiriti, mguse kila mdudu mmoja mmoja, kisha rudia kila wiki kwa wiki nne, kwa kuwa mayai hayafi yote mara ya kwanza. Jaribu kwenye jani moja kwanza uone kama halitaungua. Wadudu gamba, vile vidoa vya kahawia vinavyobanduka kwa kucha, hutibiwa vivyo hivyo.

Majani yaliyopauka kwa vitone vidogo vidogo, na utando mwembamba nyuma yake: gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Osha mmea bafuni, hasa nyuma ya majani, kisha nyunyiza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza. Mafuta ya mwarobaini, kijiko kimoja cha chai kwa lita pamoja na matone ya sabuni, hufanya kazi pia, ila harufu yake itakaa ndani siku kadhaa.

Vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinaishi kwenye udongo uliolowa. Acha juu pakauke, na acha kuwekea mmea maji ya mchele, majani ya chai na maganda ya mayai. Vitu hivyo vinaoza juu ya udongo na kuvilisha vinzi hivyo.

Usilete ndani ya nyumba dawa ya shambani iliyopimwa kwenye chupa isiyo na lebo. Dawa nyingi za mazao hazikutengenezwa kwa chumba mnamolala watu. Kama sabuni, spiriti na mwarobaini vimeshindwa, nenda kwa bwana shamba na jani lililofungwa kwenye mfuko, au uutupe mmea kabla haujaambukiza mingine.

Mambo yanayotisha bure

Maranta hukunja majani juu usiku. Monstera na jamaa zake hutoa matone ya maji kwenye ncha asubuhi. Caladium hufa majani yote msimu ukipita: bonyeza tunguu lake, likiwa gumu liache pakavu, litachipua. Zamioculcas inaweza kukaa miezi bila jani jipya.

Sumu: hapa acha kujitibia

Mimea mingi inayouzwa kama ya ndani ni ya jamii moja, Araceae: Dieffenbachia, Monstera, Epipremnum, Caladium, Alocasia, Spathiphyllum, hata Zamioculcas. Ina chembe ndogo kali za kalsiamu oksaleti. Mtoto akitafuna jani, mdomo na ulimi huwaka moto na kuvimba. Mpanguse, mpe maji asukutue au maziwa baridi kidogo, usimtapishe. Akishindwa kumeza, akitoa mate mfululizo au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja, na jani lenyewe mkononi.

Mmea unaotoa utomvu mweupe wa maziwa ukikatwa uuogope zaidi, mpaka ujue ni upi. Mnyaa, ule wa kwenye ua wa nyumba ambao siku hizi huuzwa kwenye vyungu, ni Euphorbia tirucalli, na utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kudhuru kioo cha jicho. Osha kwa maji safi yanayotiririka angalau dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Kupogoa vaa glovu na miwani. Adenium yenye maua ya waridi ina sumu ya moyo. Ilitumika kupaka mishale.

Kimti kifupi chenye majani magumu yanayochoma, kinachofanana na mnazi mdogo, kinaweza kuwa Cycas. Mbegu zake huua mbwa. Au kinaweza kuwa Encephalartos, ambao hata biashara yake ya kimataifa imebanwa chini ya Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ukiletewa mche uliong'olewa msituni, usiununue.

Kulipata jina

Programu za simu kama Google Lens na PlantNet zinasaidia, mradi uzipe picha sahihi. Piga jani juu na nyuma, piga mahali kikonyo kinapoungana na shina, piga mmea mzima, na ua kama lipo. Jibu la kwanza lichukue kama dokezo. Lithibitishe kwa mambo matatu yasiyoonekana kwenye picha: rangi ya utomvu, harufu ya jani lililopondwa (usilionje), na kilichomo chini ya udongo. "Mwanzi wa bahati" wa kwenye glasi ya maji, kwa mfano, si mwanzi. Ni Dracaena sanderiana wa Afrika ya Kati. Mianzi ina mapingili matupu ndani. Huu ukiukata umejaa.

Programu zikipingana, rudi kitaluni ulikonunua ukatazame mmea mkubwa wa aina hiyo, kwa kuwa mche mara nyingi haufanani na mmea uliokomaa. Ikishindikana kabisa, na hasa kama kuna mtu au mnyama aliyedhurika, peleka sampuli kwenye mkusanyo wa mimea iliyokaushwa. Ule wa Afrika Mashariki uko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, na ulianzia Amani, Usambara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina wake. Kata tawi lenye majani, kifundo na ua au tunda likiwepo, lilaze kati ya magazeti chini ya vitabu vizito, badilisha magazeti kila siku hadi likauke. Andika pembeni mahali ulipolipata, tarehe, rangi ya ua likiwa bichi, na kama lilitoa maziwa. Rangi hupotea tawi likikauka, na maziwa hayaonekani tena.